Sentensi Iliyosimamisha Foleni: Kuhusu Kuhariri Waraka wa vhost-user

Kwa miaka kadhaa waraka wa itifaki ya vhost-user, yaani makubaliano ya mawasiliano kati ya mashine pepe na programu zinazohudumia vifaa vyake, ulibeba sentensi iliyosema kwamba pande mbili zikikubaliana juu ya sifa fulani, foleni za data huanza zikiwa zimezuiwa hadi zitakapofunguliwa kwa ujumbe maalumu, na kwamba zisipokubaliana, foleni hizo huanza moja kwa moja zikiwa zimeruhusiwa. Anayeisoma kwa haraka haoni kasoro. Sarufi imenyooka na kila neno linaeleweka. Hata hivyo neno "huanza" liliacha swali wazi: huanza lini? Swali hilo lilijibiwa kwa namna mbili na watu tofauti, zikazaliwa programu ambazo kila moja iliufuata waraka kwa uaminifu na bado zikatenda mambo mawili yanayopingana.

Nimeichagua sentensi hiyo kwa sababu kuhariri nyaraka za kiufundi katika miradi ya programu huria bado kunachukuliwa kama kazi ya kupiga pasi: nguo imekwisha kushonwa, mhariri ananyoosha mikunjo. Kwa itifaki, mtazamo huo si sahihi na una gharama. Itifaki haina mwili mwingine zaidi ya makubaliano, na makubaliano hayo yanaishi katika waraka. Anayebadilisha neno moja humo anaamua programu ipi iko sawa na ipi imekosea, wakati zote mbili tayari ziko kazini.

Kwanza itifaki yenyewe, kwa ufupi. Mashine pepe ni kompyuta inayoishi kama mgeni ndani ya kompyuta halisi. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ni mojawapo ya programu huria zinazompokea mgeni huyo na kumpa diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine ambavyo kwa hakika havipo. Kwa mpango wa virtio, ambao Rusty Russell aliueleza katika makala yake ya mwaka 2008, mgeni na mwenyeji hupeana kazi kupitia foleni zilizowekwa katika kumbukumbu ambayo wote wawili wanaiona. Itifaki ya vhost-user, iliyoingia katika toleo la 2.1 la QEMU mwaka 2014, ilisogeza jambo hilo mbele zaidi: anayezihudumia foleni si QEMU tena wala si keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa mwenyeji, bali ni programu nyingine inayojitegemea, kwa mfano swichi ya mtandao iliyojengwa juu ya DPDK (maktaba za kushughulikia pakiti za mtandao), huduma ya diski ya SPDK (maktaba za aina hiyo kwa ajili ya diski), au virtiofsd inayomwonyesha mgeni mafaili ya mwenyeji. QEMU huitwa upande wa mbele, programu inayohudumia huitwa upande wa nyuma, na pande hizo huzungumza kupitia soketi ya Unix, njia ya mawasiliano kati ya programu za kompyuta moja. Kila ujumbe una kichwa cha baiti 12, yaani namba tatu za biti 32: aina ya ujumbe, bendera zake, na ukubwa wa kinachofuata. Hayo ndiyo yanayopita kwenye waya. Maana yake yote iko kwenye waraka.

Sasa turudi kwenye ile sentensi. Sifa iliyokuwa ikizungumziwa ni biti ya 30, VHOST_USER_F_PROTOCOL_FEATURES, ambayo husafiri ndani ya ujumbe namba 2, SET_FEATURES, pamoja na biti za sifa nyingine. Lakini ujumbe huo unapofika, foleni zimekwisha kuundwa, kwa hiyo kusema kwamba "huanza" zikiwa zimezuiwa ni kuzungumzia wakati uliokwisha kupita. Msomaji alilazimika kuitafutia sentensi wakati wake. Maktaba moja ya lugha ya Rust, inayotumiwa na programu kadhaa za upande wa nyuma, ilielewa hivi: kila SET_FEATURES inayobeba biti ya 30 ikifika, foleni zote zizuiwe. Wengine walielewa kwamba foleni huzaliwa zimezuiwa pamoja na kifaa chenyewe, kwamba SET_FEATURES isiyo na biti ya 30 huzifungua zote kwa mkupuo, na kwamba yenye biti hiyo haigusi chochote, kwani kila foleni itasubiri ujumbe wake namba 18, SET_VRING_ENABLE. Kwa tafsiri hii ya pili, SET_FEATURES haiwezi kamwe kuzuia foleni.

Kama SET_FEATURES ingetumwa mara moja tu, mwanzoni, tofauti hiyo isingeonekana. Lakini inatumwa tena katika wakati mgumu kuliko wote. Mashine pepe inaweza kuhamishwa kutoka kompyuta halisi moja kwenda nyingine bila kuzimwa. Kumbukumbu yake inaponakiliwa, yenyewe inaendelea kufanya kazi na kuandika, hivyo lazima pawe na daftari la kurasa zilizoguswa baada ya kunakiliwa ili zirudiwe. Upande wa nyuma nao huandika katika kumbukumbu ya mgeni, kwa hiyo nao huambiwa utunze daftari hilo. Unaambiwa kwa biti ya 26, VHOST_F_LOG_ALL, na biti hiyo husafiri ndani ya SET_FEATURES ileile. Upande wa mbele unaomba daftari tu. Upande wa nyuma uliosoma sentensi kwa tafsiri ya kwanza unaiona biti ya 30 ikiwa bado imo, kama inavyopaswa kuwamo, na unazuia foleni zote. Kifaa kinasimama.

Fikiria hali ya anayetafuta chanzo cha tatizo hilo. Programu ndani ya mgeni imeomba faili na haijibiwi. Hakuna ujumbe wa hitilafu, wala kosa la kumbukumbu, wala mstari mwekundu kwenye kumbukizi za mfumo, kwa kuwa hakuna aliyefanya jambo ambalo yeye mwenyewe analihesabu kuwa kosa: upande wa mbele umetuma ujumbe halali, na upande wa nyuma umeutii. Anaweza kuupitia msimbo wa QEMU mstari kwa mstari na kuukuta safi, kisha akaupitia msimbo wa Rust akaukuta safi vilevile. Hitilafu haimo katika programu yoyote kati ya hizo mbili. Imo katika waraka.

Marekebisho yaliyofanywa mwaka 2023 yanastahili kusomwa na kila anayehariri nyaraka za aina hii. Njia rahisi ingekuwa kuongeza onyo, kwamba waundaji programu wa upande wa nyuma wajihadhari wasizuie foleni wakati wa kuhamisha mashine. Onyo hilo lingeutibu ugonjwa mmoja na kuacha mzizi wake. Badala yake waraka uliandikwa upya kuanzia hali ya foleni. Kila foleni ina mambo mawili yasiyotegemeana: ama imeanzishwa au imesimama, na ama imeruhusiwa au imezuiwa. Jambo la pili hutunzwa hata foleni ikiwa imesimama. Foleni zote huzaliwa zimezuiwa. SET_FEATURES isiyo na biti ya 30 ikawa ni njia mojawapo tu ya kuziruhusu zote. Swali la "lini" likafa lenyewe, kwa sababu waraka haukusimulia tena tukio, bali ulieleza hali ambayo wakati wowote mtu anaweza kuiuliza na kupata jibu moja.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu kuu. Aliyefanya marekebisho hayo hakuwa akichagua maneno mazuri zaidi. Ilibidi ajue programu zilizopo zilikuwa zimeielewaje sentensi, apime ni tafsiri ipi isiyomuumiza mtu, akubali kwamba upande mmoja utabadilisha msimbo wake ingawa haukuwa umevunja sheria yoyote iliyoandikwa, kisha aipe tafsiri iliyochaguliwa maneno ambayo hayataruhusu ile nyingine irudi. Hiyo ni kazi ya uhandisi tangu mwanzo hadi mwisho. Mradi unaomkabidhi kazi hiyo mchangiaji mpya wa wiki ya kwanza, ati aanze na "vitu vyepesi kama nyaraka", unakosea kuhusu uzito wa kazi hiyo, na unamkosea yule mchangiaji pia.

Wapo wanaosema, na ni watu wenye uzoefu, kwamba msimbo ndio waraka wa kweli: ukitaka kujua itifaki inafanya nini, soma QEMU. Naielewa hoja hiyo, kwa kuwa waraka huweza kudanganya ilhali programu inayokimbia haiwezi. Lakini msimbo hausemi ni tabia ipi ambayo umeahidi na ni ipi iliyotokea tu. QEMU ikituma jumbe tatu kwa mpangilio fulani, je, mpangilio huo ni sharti, au ndivyo mwandishi alivyojikuta akiupanga siku hiyo? Msomaji wa msimbo hana namna ya kujua, na mara nyingi huishia kuijengea programu yake juu ya bahati. Isitoshe, QEMU ni upande mmoja tu wa mazungumzo. Upande wa pili una programu nyingi zenye leseni zisizofanana: QEMU kwa jumla iko chini ya GPL toleo la 2, DPDK iko zaidi chini ya BSD, na maktaba za rust-vmm, mradi wa maktaba za Rust za mashine pepe, ziko chini ya Apache 2.0 au BSD. Mtu anayeandika programu ya BSD ana sababu ya haki ya kutotaka kuichota tabia ya programu yake kutoka katika msimbo wa GPL, leseni inayodai kwamba kazi iliyotokana na msimbo wake ibaki chini yake. Waraka ndio uwanja ambao wote wanaruhusiwa kukanyaga.

Majina ya jumbe nayo yanamhitaji mhariri aliye macho, kwa sababu hayabadiliki kirahisi na baadhi yanapotosha. Ujumbe namba 11, GET_VRING_BASE, kwa jina lake unaonekana kuomba habari tu: nipe namba ya mahali ulipofikia katika foleni. Kwa hakika unafanya mambo mawili, yaani unaleta namba hiyo na unaisimamisha foleni. Mtu aliyezoea kwamba kuuliza hakubadilishi kitu anaweza kuutuma ili apate takwimu, akaikuta foleni imelala. Mhariri hawezi kulibadilisha jina ambalo limeenea kila mahali. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba neno "husimamisha" linatokea katika sentensi ya kwanza ya maelezo ya ujumbe huo, si ya nne.

Neno "imezuiwa" lina mtego wake pia. Foleni iliyoanzishwa lakini imezuiwa si foleni iliyolala. Waraka unataka iendelee kuhudumiwa bila kuleta athari yoyote nje: kwa kadi ya mtandao, upande wa nyuma usimpe mgeni pakiti mpya, lakini pakiti ambazo mgeni anataka kutuma zichukuliwe na kutupwa. Kwangu mfano huo wa pakiti ni mojawapo ya sehemu bora za waraka wote. Kanuni ya jumla peke yake ingewaacha wengi wakidhani kwamba "kuzuia" ni "kuacha". Mfano mmoja wa kifaa kinachojulikana ulifunga mlango huo, na ulifanya hivyo kwa mistari miwili.

Upo ujumbe namba 4, RESET_OWNER, ambao hautumiki tena. Ungetarajia ufutwe, lakini itifaki ya namna hii haifuti: programu ya nyuma iliyojengwa miaka kumi iliyopita inaweza kukutana leo na upande wa mbele mpya kabisa, na namba 4 lazima ibaki na maana inayojulikana. Waraka unasema kwamba zamani ulitumwa kuomba foleni zote zizuiwe, kwamba baadhi ya programu ziliuelewa kuwa ni amri ya kutupa hali nzima ya mawasiliano, kwamba tafsiri hiyo ilileta hitilafu, na kwamba anayeandika leo ama aupuuze au autumie kuzuia foleni. Sentensi chache zimebeba historia, sababu na ushauri. Natamani kila kanuni ngumu katika waraka ingeandikwa hivyo. Sababu za mabadiliko mengi zimehifadhiwa katika maelezo ya viraka, yaani mabadiliko yanayotumwa kwenye mradi, mahali ambapo msomaji wa kawaida wa itifaki hafiki, ilhali sababu ndiyo inayomsaidia kuamua anapokutana na hali ambayo kanuni haikuitaja.

Kuhusu istilahi nitasema zaidi, maana hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tuna la kusema. Waraka wa mwanzo uliuita upande mmoja bwana na mwingine mtumwa, kama ilivyokuwa desturi katika fani ya kompyuta kwa miongo mingi. Baadaye maneno hayo yaliondolewa, yakaja upande wa mbele na upande wa nyuma, na hata ujumbe namba 21, uliokuwa na neno la utumwa ndani ya jina lake, ukapewa jina jipya huku namba yake ikibaki ileile. Wapo walioona kwamba ni adabu tu isiyo na faida ya kiufundi. Kwanza, adabu ni faida: soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na neno "mtumwa" katika Kiswahili bado linawahusu watu wenye makaburi na wajukuu. Pili, maneno ya zamani yalikuwa mabaya kiufundi pia. Ujumbe namba 21 unampa huyo aliyeitwa mtumwa njia yake mwenyewe ya kumtumia mwenzake maombi, kwa hiyo uhusiano wa amri ya upande mmoja haukuwepo. Wala huwezi kusema kwamba mmoja ni seva na mwingine mteja, kwani itifaki inaruhusu upande wowote kati ya hizo mbili uwe ndio unaosikiliza kwenye soketi na mwingine uunganishe. Mbele na nyuma ni maneno yanayosema kile tu kilicho kweli: nani anatoa foleni, na nani anazihudumia.

Waraka wa virtio wenyewe, unaosimamiwa na kamati ya OASIS, shirika la viwango, umechukua njia rasmi zaidi ya kutenganisha masharti ya dereva (programu ya upande wa mgeni) na masharti ya kifaa, kwa maneno ya wajibu yaliyofafanuliwa katika RFC 2119 ya mwaka 1997, mmoja wa nyaraka za viwango vya intaneti. Waraka wa vhost-user unakaa ndani ya mradi wa QEMU, na lugha yake imelegea zaidi. Sioni kwamba kila sentensi igeuzwe kifungu cha sheria. Lakini kiwango cha wajibu kikiachwa bila kutajwa, hasara yake humwangukia zaidi msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu. Anayemweleza mwenzake kwa Kiswahili kwamba upande wa nyuma umekatazwa kufanya jambo fulani anaweza kuteleza na kusema "si lazima ufanye", nayo maana ikageuka kabisa: katazo limekuwa hiari. Tuna "lazima", tuna "si lazima", tuna "haipaswi" na tuna "marufuku", na nimeona mazungumzo ya kiufundi yakipotea katikati ya hayo manne. Waraka unaotaja wajibu wake waziwazi hutafsirika salama, hata pale ambapo hakuna anayeutafsiri kwa maandishi na watu wanaelezana mezani tu.

Kwa sababu hiyohiyo nadhani msomaji bora wa rasimu ya waraka wa itifaki si mtaalamu aliyeiunda. Yeye tayari ana mashine nzima kichwani, na anaposoma "huanza" akili yake hujaza wakati bila kumwomba ruhusa. Anayefaa ni yule anayelazimika kujenga upande wa nyuma kwa kuutegemea ukurasa peke yake, na ambaye kila anapokwama anaandika swali badala ya kukisia. Maswali hayo yanapaswa kupokewa kama taarifa za hitilafu, yapewe namba, na yafungwe kwa kiraka kinachobadilisha waraka. Jibu la mdomo linamsaidia aliyeuliza, kisha linapotea.

Marekebisho ya mwaka 2023 yalileta pia hali ya tatu juu ya zile mbili. Foleni zote za kifaa zikisimama, kifaa kizima kinahesabiwa kuwa kimesitishwa: hakiandiki katika kumbukumbu ya mgeni, hakimpi mgeni taarifa, hakitumi ujumbe kwa upande wa mbele, lakini bado kinapokea jumbe zake na kuzijibu. Hali zinaongezeka, na maelezo ya aya baada ya aya yanaanza kuelemewa. Kama ningepewa ukurasa mmoja wa kuongeza katika waraka huo, ningeweka jedwali lenye mstari mmoja kwa kila ujumbe unaogusa foleni, na safu nne: foleni inaanzishwa au inasimamishwa, ruhusa yake inabadilika au haibadiliki, kifaa kizima kinaweza kusitishwa au la, na jibu linatarajiwa au halitarajiwi. Mstari wa SET_FEATURES yenye biti ya 30 ungesomeka: haianzishi wala haisimamishi, ruhusa haibadiliki, kifaa hakisitishwi, jibu halitarajiwi isipokuwa limeombwa. Mstari wa GET_VRING_BASE ungesomeka: inasimamisha, ruhusa haibadiliki, kifaa kinasitishwa ikiwa hiyo ndiyo foleni ya mwisho iliyokuwa ikifanya kazi, jibu linatarajiwa.